Kupatwa kwa jua 2 Agosti 2027: mashua ya tanga mto Lukuledi, tupangeje?

Mwambao_Lindi

Wakuu, habari za kazi. Kuna kundi la watu 12, walimu na wanafunzi wakubwa, wanataka kutazama kupatwa kwa jua Jumatatu ya 2 Agosti 2027 wakiwa ndani ya mashua ya tanga. Wanataka kuondokea Lindi mjini, waingie mto Lukuledi, watazame humo, warudi kabla ya magharibi. Mashua ina urefu wa mita 9, mlingoti mmoja, mabaharia watatu, na mashine ndogo nyuma kwa dharura.

Naomba msaada kwa wanaojua. Kwanza saa: kuna ujumbe unazunguka kwenye simu unasema "giza dakika sita", je, ni kwetu au kwingine? Pili, maji na upepo wa siku hiyo vitakuwaje? Tatu, wengine wanashauri kundi lipelekwe mto Ruvuma badala ya Lukuledi. Na nne ni macho, maana humo kuna vijana.

Falaki_Kusini

Mkuu, anza kwa kuufuta huo ujumbe. Dakika sita za giza ni za Luxor, Misri. Kivuli kamili cha mwezi kitapita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Saudi Arabia, Yemen, kisha kitagusa kaskazini mashariki mwa Somalia na kuingia bahari ya Hindi. Sisi tuko mbali kusini mwa njia hiyo, kwa hiyo Lindi na Mtwara tutapata kupatwa kisehemu tu.

Saa kwa Lindi na Mtwara ni takriban hizi: mwezi utaanza kuligusa jua kama saa saba na dakika 25 mchana, kilele kitakuwa karibu saa nane na dakika 20, na jua litakuwa limeachiwa lote saa tisa na dakika 10 hivi. Kwenye kilele, mwezi utakuwa umeingia karibu robo ya kipenyo cha jua. Ukihesabu eneo lililofunikwa ni dogo zaidi ya hapo, kama sehemu moja ya sita.

Waambie wageni mapema, kabla hawajalipa: giza halitaingia. Kuku hawatalala, joto halitashuka, na asiye na miwani hatajua kama kuna kitu. Jua lililopunguzwa sehemu moja ya sita linaonekana vilevile kwa macho ya kawaida, kwa sababu macho yanajirekebisha yenyewe. Kitakachoonekana kupitia miwani ni duara lenye pengo safi, kama chapati iliyomegwa ukingoni. Ni kitu kizuri kabisa kukiona, ila kiuzwe kwa jina lake.

Saa hiyo jua litakuwa kaskazini magharibi, nyuzi kama 50 juu ya upeo, yaani zaidi kidogo ya nusu ya safari kutoka upeo hadi utosini. Pengo litaanzia chini ya jua, kulia kidogo. Kisha litapanda kwa ubavu wa kulia, kwenye kilele likiwa kulia kabisa, na litatokea juu kulia. Wape watazamaji maelezo hayo mapema, kwa sababu dakika tano za mwanzo watu hutafuta pengo upande wa juu na kudhani hesabu imekosewa.

Kwa wanaokumbuka 1 Septemba 2016: ule ulikuwa kupatwa kipete, yaani mwezi unaacha pete ya jua pembeni, na watu wengi walikwenda Rujewa. Lakini sehemu ambapo kilele cha tukio lile lote kiliangukia ilikuwa huku huku kusini, kwenye latitudo 10.7 kusini na longitudo 37.8 mashariki, katikati ya Tunduru na Masasi, mchana wa saa sita na dakika chache. Kipete kilidumu pale dakika 3 na sekunde 6. Wanaolinganisha 2027 na ule wa 2016 watasikitika bure. Kipete kingine kitapita Tanzania asubuhi ya 21 Mei 2031.

Nahodha_Kitunda

Mwambao, hapo umepewa saa, sasa tuzungumze maji, kwa sababu maji ndiyo yatakayoamua kama safari itafanyika.

Jua hupatwa mwezi mwandamo tu, mwezi ukiwa kati yetu na jua. Na mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji makubwa. Kwa hiyo hakuna kupatwa kwa jua kwenye maji mafu (maji madogo), hata siku moja. Tarehe 2 Agosti maji yatapwa sana na kujaa sana, tofauti kati ya kupwa na kujaa ikizidi mita 3. Pwani yetu yote bamvua ina saa zake: maji yanapwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na yanajaa kabisa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Chukua jedwali la maji la bandari upate dakika zenyewe, na ukumbuke kwamba ndani ya mto maji hujaa kwa kuchelewa kidogo kuliko mjini.

Ukiunganisha na saa alizotoa Falaki utaona bahati iliyopo: tukio lote, saa saba na nusu hadi saa tisa na kitu, liko ndani ya maji kujaa. Mkondo utakupeleka mtoni, utatazama maji yakiendelea kupanda, na maji yakigeuka saa kumi yatakurudisha mjini.

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni asubuhi. Saa nne mashua iliyoegeshwa ufukweni itakuwa imelala juu ya mchanga, mbali na maji. Ukipanga kupakia abiria saa tatu au saa nne utawapitisha kwenye tope hadi magotini, na mashua haitasogea. Ilaze kwenye kina tangu usiku, au subiri maji yaje yaiinue. Kupakia saa sita kasoro hadi saa sita na nusu kunatosha kabisa.

Wa pili ndio mbaya. Mashua ikikwama kwenye fungu la mchanga wakati maji yanajaa, unasubiri dakika chache yanakuinua. Ikikwama wakati yanapwa, umekwama kweli. Chukua mfano: ukikaa juu ya fungu saa kumi na moja na nusu jioni, maji yataendelea kushuka hadi saa nne usiku na zaidi, na hayatarudi kimo kile mpaka karibu saa tisa usiku. Watu 12 usiku kucha kwenye mikoko, na mbu. Ndiyo maana ng'oa nanga saa tisa na nusu, maji bado yanapanda kidogo, ujisogeze polepole kuelekea mlangoni, na saa kumi na nusu uwe umeshatoka kwenye mafungu. Jua linazama baada ya saa kumi na mbili na robo, lakini usilitumie jua kama saa ya kurudi, tumia maji.

Upepo: Agosti ni kusi, na mchana kusi hushika kasi. Ukiingia mtoni utakuwa nao ubavuni kushoto au mbele kidogo, kwa hiyo tanga litafanya kazi bila kupiga bishi nyingi (kukata upepo huku na huku). Ukishaingia kwenye mikoko upepo unakufa ghafla na kurudi kwa mikupuo kwenye kila kona. Hapo mshika demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, asiifunge kwenye kishikizo. Aishike mkononi, aweze kuiachia mara moja. Mashua za namna hii hazipinduliwi na upepo mkubwa unaouona ukija. Zinapinduliwa na mkupuo uliotokea nyuma ya mikoko huku demani imefungwa. Kuwe na pondo mbili (miti mirefu ya kusukumia) na makasia, na mashine ijaribiwe siku moja kabla, siyo asubuhi ile.

Wakati wa kutoka mlangoni maji yanapwa kwenda nje na kusi linayapiga kutoka kusini mashariki, basi mawimbi huwa mafupi na ya kusimama. Hayatishi, ila yanalowesha. Vifaa vya picha vifungwe kwenye mifuko kabla ya hapo.

Mwambao_Lindi

Nahodha, ahsante sana, suala la bamvua sikuliunganisha. Sasa kwenye kilele mashua iwe inatembea au imetia nanga? Na abiria wakae vipi? Wakihamia upande mmoja wote itakuwa shida.

Nahodha_Kitunda

Tia nanga. Tua tanga lote na foromali, ule mti unaobeba tanga, ilale chini, usiliache limekunjwa juu. Sababu ni tatu. Tanga lenyewe litakuja kuziba jua pale pale unapolihitaji. Mashua inayotembea inayumba na miwani haisaidii kitu kwa mtu anayeshika ubao asianguke. Na la tatu, mtu aliyevaa miwani ile haoni chochote isipokuwa jua: haoni kamba, haoni foromali ikizungushwa, haoni mkono wa mwenzake. Kwa hiyo amri iwe moja kwa wote: wakati tanga linaguswa, hakuna miwani usoni.

Fika sehemu ya kutia nanga kabla ya saa saba na dakika 15. Tafuta mkono mpana wa mto, wenye tope, kina cha mita 3 hivi wakati huo. Maji bado yatapanda zaidi ya mita moja, basi piga hesabu kwa kina kitakachokuja na siyo kilichopo: kwa mita 4 hadi 5, toa kamba mara tano, mita 20 hadi 25. Nanga ya meno manne inashika vizuri kwenye tope zito na mizizi. Kwenye mchanga mlaini inakokota. Kamba ifungwe omo (mbele) peke yake. Ukifunga tezi (nyuma), mkondo wa bamvua utasukuma maji yapande juu ya ubao wa nyuma.

Kuhusu kukaa: mashua ikitia nanga wakati wa kujaa itaelekeza omo kule mkondo unakotoka, yaani baharini. Pale mto unapoelekea kaskazini mashariki, ukitazama omo, jua litakuwa kushoto kwako, na kusi litakuwa linakusukuma kutoka kulia. Upepo unailaza mashua kushoto na watu nao wanataka kukimbilia kushoto. Hapo ndipo ajali hutokea. Lakini jua liko nyuzi 50, halijakaa kwenye upeo. Aliyekaa upande wa kulia analiona juu ya kichwa cha aliye kushoto bila kunyanyuka. Wapange sita kwa sita, wote wakiwa wamekaa sakafuni au kwenye mbao za chini, na waelezwe hilo nchi kavu. Turubai la kivuli likunjwe upande wa kushoto tu. Wasikae saa mbili juani bila kivuli.

Kumbuka kona za mto zinabadilisha mwelekeo, kwa hiyo pita pale siku mbili tatu kabla, saa hizo hizo, uone jua linapita wapi. Mikoko mirefu ya ukingo wa magharibi inaweza kukuzibia ukisogea karibu nayo mno.

Kuchele_83

Kuhusu Ruvuma: kwa kundi hili, hapana. Mlango wa Ruvuma una mafungu ya mchanga yanayohama kila msimu, na bahari ya kusi inavunja juu yake moja kwa moja. Hakuna ghuba ya kukukinga kama Lindi. Viboko na mamba wamo. Na ule ni mpaka na Msumbiji, ukipotea mkondo upande wa pili una kesi ya uhamiaji. Kuna pia hifadhi ya bahari ya ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, kwa hiyo kuna vibali na ada za kuulizia kabla.

Aliye Mtwara asiende mbali. Ghuba ya Mikindani inatosha: maji ya ndani yametulia, mlango ni mwembamba, na ukitia nanga upande wa mashariki wa ghuba unakuwa na uwazi wote wa kaskazini magharibi mbele yako. Tatizo la Mikindani ni lile lile la bamvua, sehemu kubwa ya ukingo inakauka asubuhi.

Mama_Maabara

Naingia kwenye macho, wakuu, na naomba hili lisichukuliwe kama nyongeza. Kwa sababu jua halitafunikwa lote, hakuna hata sekunde moja ya siku hiyo ambayo ni salama kutazama bila kinga. Wale wa Luxor watavua miwani kwa dakika sita. Sisi hatuvui kabisa.

Miwani iwe yenye alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua. Ijaribuni ndani ya nyumba: ukiivaa usione kitu chochote, isipokuwa taa kali ya balbu ionekane kwa mbali sana. Ukiona meza au dirisha, hiyo si miwani ya jua. Ikiwa na mkwaruzo, tundu la sindano au karatasi yake imeachia kwenye fremu, ikate kwa mkasi uitupe, usimwachie mtoto achezee. Kioo cha kuchomelea vyuma kinafaa kikiwa namba 14. Vile vya namba 10 au 11 vilivyozoeleka kwenye karakana havitoshi kwa jua la mchana.

Visivyofaa ni filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, CD, miwani ya kawaida miwili kwa pamoja, na beseni la maji. La beseni nalisisitiza kwa sababu ndilo linalopendwa vijijini. Maji yanarudisha sehemu ndogo ya mwanga, ni kweli, lakini sehemu ndogo ya jua bado ni nyingi mno kwa jicho. Na retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haina maumivu: mtu anaungua bila kuhisi, anagundua baada ya saa kadhaa au kesho yake akiona doa katikati ya kila anachotazama.

Darubini ya macho mawili isipande mashuani kabisa kama haina kichujio mbele ya lenzi. Kuvaa miwani ya karatasi kisha kutazama ndani ya darubini kunaunguza miwani na jicho papo hapo.

Njia ya tundu la pini ni salama ila mjue mipaka yake. Taswira ya jua ina upana wa umbali ugawanywe kwa 109. Tundu likiwa mita 1 kutoka kwenye karatasi, jua linatoka milimita 9, na pengo la siku hiyo litakuwa milimita 2 tu. Kwenye mashua inayotikisika hamtaliona. Vilevile vivuli vya chini ya mkorosho, ambavyo kwenye kupatwa kukubwa hujaa hilali, hapa vitaonyesha viduara vyenye ukingo uliokatika kidogo, na jicho lisilozoea litapita bila kugundua.

Kwa watakaobaki nchi kavu kuna njia bora zaidi na ya bei ndogo. Chukua kioo cha kujitazamia, kifunike kwa karatasi nzito yenye tundu la sentimita 1, kiweke juani juu ya kopo la mchanga kisitikisike, kisha elekeza mwanga wake ndani ya darasa lenye giza, ukutani, umbali wa mita 15. Mtapata jua lenye upana wa sentimita 14 hivi, pengo lake likiwa zaidi ya sentimita 3. Darasa zima linatazama kwa pamoja na mnaweza kuchora mstari wa pengo kila dakika tano. Mtu mmoja akae karibu na kioo kuhakikisha hakuna anayekitazama.

Felucca_au_Lindi

Kama katika kundi kuna wanaotaka giza lenyewe na wana uwezo wa safari, mashua ya tanga kwa hilo iko mto Nile. Felucca ina tanga la pembetatu la jamii moja na letu, na mto unairahisishia kazi: upepo wa kawaida unatoka kaskazini na mkondo unakwenda kaskazini, kwa hiyo tanga linapandisha na mkondo unashusha.

Ila angalieni mahali. Safari nyingi za felucca za kulala njiani huanzia Aswan, na Aswan iko nje kidogo ya njia ya kivuli kamili. Kom Ombo iko karibu na ukingo. Edfu ni afadhali, na Luxor iko karibu na katikati, zaidi ya dakika 6 na sekunde 15. Aliyeuziwa "kupatwa kwa jua Aswan" ameuziwa kupatwa kisehemu, hata kama sehemu yenyewe ni kubwa mno. Tofauti kati ya asilimia 99 na 100 ni tofauti ya mchana na usiku.

Saa za Misri wakati huo wa kiangazi ni sawa na zetu, na giza la Luxor litaanza saa saba na dakika mbili hivi mchana. Jua litakuwa karibu utosini, nyuzi 82, basi foromali na tanga vitakuwa juu yake. Lazima tanga lituliwe na watu walale chali. Joto la Luxor Agosti huzidi nyuzi 40.

Mwambao_Lindi

Nimeelewa. Basi tunabaki Lukuledi na wageni wataambiwa robo, siyo giza. La mwisho: nahodha, kwa mita 9, watu 12 na mabaharia 3 ni salama? Na kuna la kufuatilia mapema?

Nahodha_Kitunda

Idadi haiamuliwi na urefu, inaamuliwa na cheti cha ukaguzi. Chombo kikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na namba iliyoandikwa humo ndiyo mwisho, hata kama nafasi inaonekana ipo. Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, mabaharia wakiwemo, na livaliwe, lisikaliwe kama mto. Mkikaa wote ndani, ubao wa juu ubaki juu ya maji angalau sentimita 40. Pungufu ya hapo shusha watu wawili, wapande chombo cha pili. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe jana yake jioni na tena asubuhi. Kama kuna onyo la upepo mkali, kazi ifanyike ufukweni kwa kioo cha Mama Maabara na mashua ibaki kwenye nanga.

Na vyumba: wiki hiyo ni ya Nane Nane, viwanja vya maonyesho vya Ngongo hapa Lindi vinajaa watu wa kanda nzima tangu tarehe 1. Weka nafasi za kulala miezi kadhaa kabla, la sivyo wageni watalala Mtwara na kukimbizana na barabara asubuhi. Hapo saa sita ya kupakia hamtaiwahi.